Vijana wa Kijijini Wapewe Sanduku na Daftari

Katika vijiji vinavyoizunguka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kijana akisikia neno "uraia" anawaza ukumbi: viti vya plastiki, mgeni kutoka mjini, karatasi kubwa imebandikwa ukutani, soda saa sita na pesa ya transpoti jioni. Akisikia "stadi za maisha" anawaza ukumbi mwingine wa namna ileile, wa mradi mwingine, wiki nyingine. Humo anafundishwa kutengeneza sabuni, kushona au kufuga sungura. Mambo hayo mawili yametenganishwa kana kwamba anayeshika jembe na anayepiga kura ni watu wawili. Kwa maoni yangu, utengano huo ndio unaodhoofisha vikundi vya vijana huku Kivu Kusini. Dawa yake haihitaji kuagizwa mbali, maana iko katika maeneo yetu ya Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi, na watu wanaiita Muso.

Asiyeifahamu Muso nimweleze kwa ufupi. Ni umoja wa kusaidiana wa watu ishirini hivi, wanaokutana kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Kila mmoja anatoa mchango, na pesa zinaingia katika masanduku yenye rangi. La kijani ni la akiba, na ndilo wanalokopeshana kwa riba ndogo waliyokubaliana wenyewe. Jekundu ni la msiba, ugonjwa na uzazi. La buluu hupokea pesa zinazotoka nje ya kikundi, ikiwa zipo. Vikundi vingine hufuata mtindo wa AVEC, vikundi vya kijiji vya akiba na mikopo: sanduku moja la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mtu wa nne ndiye anayelala na sanduku nyumbani. Bila wote wanne kufika, hakuna franka inayotoka. Mama zetu wamezoea mambo haya tangu zamani, kwanza kwa likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, kisha kwa Muso. Jambo jipya, na ndilo linalonipa matumaini, ni kuona vijana wa miaka kumi na sita, ishirini, ishirini na tano wakianzisha Muso zao.

Nimekaa katika mkutano wa namna hiyo kijijini, juu ya soko la Mudaka. Katibu alikuwa msichana aliyeacha shule darasa la tatu la sekondari kwa kukosa karo. Alisoma ripoti ya mkutano uliopita polepole, kwa Kiswahili chenye maneno ya Mashi, lugha ya kwao, ndani yake. Kijana mmoja akamkatiza: "Dada, hapo umeandika elfu mbili. Mimi nilitoa elfu mbili na mia tano." Daftari likapita mkono kwa mkono. Akaulizwa mweka hazina, akaulizwa aliyekuwa amekaa karibu naye siku ile. Ikaonekana kijana ana haki. Katibu akapiga mstari mmoja juu ya ile namba, bila kuifuta, akaandika namba sahihi pembeni, kisha yeye na yule kijana wakatia sahihi. Hakuna aliyemwita mwenzake mwizi. Baada ya hapo mweka hazina akatandika kitenge chini, akapanga noti juu yake na kuzihesabu kwa sauti, na kikundi kizima kikahesabu pamoja naye.

Nani kati yetu aliwahi kuingia ofisi ya umma, akakatiza ripoti, akaomba daftari, akaonyeshwa papo hapo, na kosa likasahihishwa mbele yake? Wale vijana wanalifanya jambo hilo kila wiki na wanaliona la kawaida. Siku watakapokutana na mtoza kodi sokoni asiyetoa risiti, watakuwa wamekwisha kuzoea maisha mengine, na hawataona kwamba ni desturi ya dunia.

Katika mkutano huohuo ombi moja la mkopo lilitoka kwa mtoto wa kapita (kiongozi) wa kijiji. Alikuwa hajamaliza kulipa deni la kwanza. Wazee wangeona haya mbele ya baba yake, wangetafuta maneno laini na kumpa. Vijana walipiga kura kwa mbegu: hindi kwa ndiyo, haragwe kwa hapana, ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga. Maharage yakazidi. Kijana alinuna kidogo, akauliza atalipaje deni la kwanza kwa mafungu, na mkutano ukaendelea.

Kuna na upande wa tumbo, nisije nikaonekana nazungumzia uraia wa maneno matupu. Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi wa Februari 2025, benki zilifunga milango. Mwalimu, mfanyabiashara na mjane mwenye akiba kidogo, wote walibaki na karatasi za benki zisizoweza kununua hata kilo ya unga wa mihogo. Kule mashambani sanduku liliendelea kufunguliwa pale lilipokuwa salama, na aliyefiwa akapewa cha jekundu. Kwa kikundi cha vijana wenye vifranka vyao vichache, hilo lilikuwa somo la uchumi lililozidi semina yoyote.

Wazo la kumfundisha kijana wa kijijini kwa kumkabidhi kitu cha kweli limepita nchi nyingi. Marekani lilianza mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1902, A. B. Graham, mkuu wa shule katika jimbo la Ohio, aliwakusanya wavulana na wasichana wa mashambani katika klabu ya kulima na kupima udongo. Mwaka 1910, huko South Carolina, mwalimu Marie Cromer alianzisha klabu ya wasichana ambamo kila mmoja alilima kishamba chake cha nyanya, akazisindika katika makopo na kuziuza, pesa zikawa zake. Klabu hizo zilikuja kuitwa 4-H, na kauli yao ni kujifunza kwa kutenda. Majirani zetu wa Kenya walipata 4-K yao karibu na wakati wa uhuru: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Ilidhoofika kwa miaka mingi, na serikali ikaizindua upya mwaka 2021.

Nikiitazama historia hiyo naona mambo mawili yaliyozibeba klabu za kwanza. La kwanza ni kwamba mtoto alikuwa na kishamba chake na daftari lake. Aliandika mbegu imegharimu kiasi gani, amepalilia lini, amevuna nini, na mwisho wa msimu akatoa hesabu mbele ya wenzake. La pili ni kwamba kulikuwa na mtu mzima aliyekaa. Sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914 iliweka pesa za taifa kwa ajili ya maafisa ugani walioishi karibu na wakulima, na maafisa hao ndio waliozilea klabu mwaka baada ya mwaka. Huku kwetu mradi unakuja kwa miezi kumi na minane, unaandika majina, unapiga picha, unaondoka. Kikundi kinabaki na fulana.

Sisi pia tumewahi kuwa na watu wa kuwapanga vijana na wakulima, lakini walitoka juu. Chini ya Wabelgiji, amri ya mwaka 1917 ililazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, siku 60 kwa mwaka, na aliyekataa alijua fimbo na jela. Monita wa kilimo, aliyesimamia amri hiyo, alipoonekana njiani, watu hawakumkimbilia kumwuliza maswali. Baadaye, chini ya Mobutu, kila Mzaire alihesabiwa mwanachama wa chama chake, MPR, tangu kuzaliwa kwake, vijana wakapangwa katika JMPR, tawi la vijana la chama hicho, na salongo ikawa kazi ya lazima iliyopambwa kwa nyimbo na ngoma. Baba zetu walijifunza humo kitu kimoja kwa uhakika: mambo ya umma ni mambo ya kutumwa. Kwa hiyo mtu akija leo kijijini na filimbi, orodha na ratiba aliyoiandika mjini, hata akiwa na nia njema, anaamsha kumbukumbu hiyo. Mzee ataitikia "ndiyo, papa," atakaa mpaka soda ifike, kisha atarudi kwake.

ONG nyingi, yaani mashirika yasiyo ya serikali, zimerithi sura hiyo bila kukusudia. Sizungumzii wizi. Nazungumzia utaratibu ambao kiongozi wa kikundi anawajibika kwa ofisi ya mjini zaidi kuliko kwa wenzake walio kijijini. Ripoti anaipeleka juu, risiti anaipeleka juu, na pesa ikikosekana atakayemwuliza ni mhasibu aliye Bukavu. Wenzake hawana la kuuliza, kwa sababu hawakutoa kitu. Hapo uraia unafundishwa kinyume, hata kama maneno ya ukutani yote ni mazuri. Ndiyo maana mchango mdogo wa mwanachama ni jambo kubwa sana kwangu. Aliyetoa franka zake mia tano ana mdomo.

Nirudi shambani, maana hapo ndipo ninapoona stadi za maisha na uraia vikishikana kwa nguvu zaidi.

Mnyauko wa migomba uliingia Kongo kupitia Masisi, Kivu Kaskazini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukashuka Kalehe, ukafika Kabare na Walungu. Nyumba ya Bushi, nchi ya wasema Mashi, bila mgomba ni nyumba iliyopungukiwa: ndizi ni chakula, ni kasiksi (pombe ya ndizi) ya kuuza, ni karo ya mtoto, ni kinywaji cha kupokelea mgeni wa posa. Ugonjwa ukishika, majani yananyauka na kuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Hakuna dawa ya kunyunyizia. Kinga iko katika mikono. Vichane vyote vikishatokea kwenye mkungu, ua dume linavunjwa kwa kijiti chenye panda, bila panga kuligusa, kwa sababu wadudu wanaotembelea ua hilo ndio wanaobeba bakteria. Panga linapitishwa motoni kabla ya kutoka shina moja kwenda jingine. Shina lililougua linakatwa chini kabisa.

Kijana anajifunza hayo asubuhi moja. Ugumu unaanza akivuka mpaka wa shamba lake. Unaweza kuvunja maua yako yote na kuunguza panga lako kila siku. Jirani yako asipofanya hivyo, shamba lako linakufa pamoja na lake. Kwa hiyo kikundi cha vijana kinachotaka kuokoa migomba lazima kimwendee mzee mwenye shamba asiyependa kuambiwa na watoto. Lazima kiombe ruhusa ya kuingia, kiweke siku ya kijiji kizima, kikubaliane nini kifanyike kwa anayekataa, na nani atamsaidia mjane asiyeweza kukata mashina yake. Mgomba umewaingiza katika sheria, mamlaka, ridhaa, adhabu na huruma, bila mtu kuandika neno "utawala bora" ubaoni. Nimesikia kijana mmoja wa Walungu akimwambia mzee: "Papa, hatukuja kukuamuru. Tumekuja kukuomba utulinde." Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akamwita mwanawe alete moto wa kuunguzia panga.

Jirani na vijiji hivyo kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Mulungu. Kuna pia kituo kingine cha utafiti wa kilimo, cha IITA Kalambo, na mjini tuna ISDR, chuo cha maendeleo ya vijijini, na kitivo cha kilimo cha chuo kikuu cha UEA. Wanafunzi wanaohitaji mahali pa kufanyia stazi (mafunzo ya kazi) ni wengi. Kikundi cha vijana hakihitaji mtaalamu wa kulipwa dola kwa siku. Kinahitaji mwanafunzi anayekuja kila mwezi kwa miaka miwili na anayejua majina yao.

Kuhusu ufugaji sitasema mengi. Sungura na simbilisi, ambao wengi huku huwaita kobayi, wanafaa kwa vijana kwa sababu hawahitaji ardhi kubwa, wanazaa haraka, na katika nchi ya uporaji ng'ombe anaonekana kutoka mbali wakati simbilisi anakaa chini ya kitanda.

Ardhi ndiyo inayoumiza. Kabare na Walungu watu wamebanana, na kijana wa miaka ishirini mara nyingi hana hata kipande cha kupanda mboga. Kikundi kinakodi shamba kwa bwasa, yaani kwa muda mfupi tu, kinatia mbolea misimu miwili, udongo unapona, na mwenye shamba analichukua tena. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema ardhi ni mali ya serikali na kwamba haki za wenyeji kwenye ardhi za kimila zitapangwa kwa amri ya rais. Miongo ikapita bila amri hiyo kutoka, na kijana akaachwa katikati, kati ya kalinzi ya mababu, haki ya ardhi ya kimila, na hati ya mjini. Kikundi hakiwezi kurekebisha sheria ya nchi. Kinaweza kujifunza kuandika mkataba wa miaka mitatu, wenye mipaka iliyopimwa kwa hatua mbele ya majirani, mashahidi wa pande zote mbili, sahihi ya shefu (chifu), na nakala tatu. Kazi hiyo ni stadi ya maisha na ni uraia kwa wakati mmoja, na semina chache sana zinaifundisha.

Vivyo hivyo kwa karatasi nyingine. Sheria ya familia inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Zikipita, mzazi anahitaji hukumu ya mahakama, na hapo gharama na safari za mjini zinaanza. Katika Muso ya vijana kuna wazazi wachanga kila mwaka, kwa hiyo sanduku jekundu linalosaidia uzazi liwe pia linauliza: mtoto ameandikishwa? Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 45, inaitaka serikali isambaze na kufundisha Katiba yenyewe. Kifungu cha 142 kinaitaka isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60. Vijana wasomewe vifungu hivyo viwili kwa Kiswahili, kisha wenyewe waulize ni sheria gani waliwahi kuletewa.

Ngazi inayofuata ni sheferi, eneo linaloongozwa na chifu wa kimila. Kwa sheria ya ugatuzi ya Oktoba 2008, sheferi kama Kabare, Ngweshe au Buhavu ina bajeti yake, inatoza kodi, na inastahili 40% ya sehemu ya mapato ya taifa inayopewa jimbo. Pesa hizo hazijafika kama sheria inavyotaka. Zile za sokoni na za barabarani zinatozwa kila siku. Uchaguzi wa washauri wa sheferi na sekta haujafanyika. Mwezi wa Desemba 2023 waliochaguliwa ni washauri wa komini (manispaa) za miji mikuu ya majimbo tu. Kwa hiyo kijana wa Walungu hana mjumbe aliyemchagua katika ngazi iliyo karibu naye kuliko zote. Ila Kivu Kusini imewahi kujaribu bajeti shirikishi, wananchi wakikaa na viongozi wa eneo kuchagua kipi kianze, shule au daraja. Vikundi vilivyozoea kuhesabu noti juu ya kitenge ndivyo vinavyofaa kukaa katika vikao hivyo, kwa sababu vinajua tofauti ya pesa iliyotajwa na pesa iliyoonekana.

Kuna jambo ambalo wanaosifu vikundi hawapendi kulisema. Klabu za 4-H za kusini mwa Marekani ziliwafundisha watoto uraia huku zikiwatenga weusi na weupe, hadi miaka ya 1960. Klabu hufundisha uraia ule inaouishi. Huku kwetu nimeona vikundi vya ukoo mmoja, vya parokia moja, vya lugha moja, na hakuna aliyeona ajabu. Harakati za vijana za Skauti, Kiro na Xaveri zina nidhamu na uzoefu wa miaka mingi, na vijana wengi wazuri wamepitia humo. Lakini Muso ya kijiji isipomruhusu Mbuti wa Kalehe, mtu wa jamii ya asili ya msituni, mkimbizi wa ndani aliyefika jana, au mtoto wa kanisa lingine, itakuwa imefundisha jambo ambalo vita vyetu vinalifundisha tayari.

Na wasichana. Mkutano ukiwekwa saa kumi jioni, wako njiani na madumu ya maji. Ukiwekwa Jumamosi asubuhi, wako njiani kwenda sokoni Mudaka au Mugogo na mizigo mgongoni, kamba ikikaza paji la uso. Kisha ripoti inaandika kwamba wasichana hawana moyo. Kikundi kile cha juu ya Mudaka kilihamisha mkutano hadi Jumapili baada ya misa, na wavulana wakakubali zamu ya kuchota maji siku hiyo. Kulikuwa na ubishi mkali, nilivyoambiwa, na mama mmoja alicheka alipoona kijana mkubwa na dumu begani. Baada ya hapo ndipo katibu msichana alipopatikana.

Hatari zipo. Mweka hazina anaweza kukimbilia migodi ya dhahabu ya Kamituga na pesa. Mwenye bunduki anaweza kusikia habari za sanduku, na katika hali ya leo jambo hilo si la kuwaza tu. Vikundi vingine vimeanza kutobakiza pesa sandukuni: zote zinakopeshwa siku ileile ya mkutano, usiku sanduku linalala na daftari peke yake. Ni busara ya watu waliokwisha kuporwa. Yeyote mwenye mradi na aisikilize kabla ya kuwalazimisha kuweka akiba kwa namna iliyoandikwa mjini.

Ninayoomba ni machache. Mashirika yenye pesa za vijana yasianzishe kikundi kipya pale penye Muso. Yaingie kwa sanduku la buluu, kiasi kidogo, baada ya kikundi kutimiza mwaka mmoja kwa michango yake, na hesabu isomwe kwanza mbele ya wanachama, kisha ndipo itumwe Bukavu. Shule za juu zitume wanafunzi wanaokaa. Mapadri na wachungaji, ambao sauti yao inafika kuliko ya mtu yeyote, waache milango ya vikundi vya kanisa wazi kwa asiye wa kanisa. Na bami, wakuu wetu wa kimila, pamoja na mashefu, kila robo mwaka kikao cha mapato ya sheferi kinapokaa, watenge viti viwili kwa vikundi vya vijana, kimoja cha msichana, na waruhusu daftari la sheferi lipite mkono kwa mkono.